Mjadala: "More Than Words" ni wimbo wa bendi ya Extreme, au wa watu wawili waliovaa jina la bendi?

Mwanzisha Mada
Wakuu, salaam. Extreme ni bendi ya watu wanne kutoka Boston: Gary Cherone mwimbaji, Nuno Bettencourt gita, Pat Badger besi, na enzi hizo Paul Geary drams. Albamu yao ya pili, Pornograffitti ya 1990, ni rock nzito iliyochanganywa na fanki, gita la umeme linakimbizwa kweli kweli. Lakini wimbo uliowafikisha namba 1 Marekani, Juni 1991, hauna besi wala drams. Gita kavu (lisilo la umeme) moja, sauti mbili, basi. Hata kwenye video yake isiyo na rangi, mpiga besi anazima amplifaya, mpiga drams anaweka fimbo chini, wanabaki kuwatazama wenzao.

Msimamo wangu: huo si wimbo wa bendi, na uliwaharibia. Watu walinunua albamu wakitaka mapenzi ya taratibu, wakakutana na makelele wasiyoyaomba. Pornograffitti ilithibitishwa nakala milioni 2 Marekani. Iliyofuata, ya 1992, ikaishia 500,000. Nani ana hoja ya kupinga?

Nyuzi Sita
Mkuu, umesikiliza kwa masikio au kwa macho? Drams zimo, ziko kwenye mkono wa kulia wa Bettencourt.

Shika gita nikuonyeshe. Gumba linachukua besi, vidole vitatu vinadonoa nyuzi za katikati kwa pamoja, havikwaruzi. Halafu kwenye pigo la 2 na la 4 vidole vinarudi kuangukia nyuzi, na ile "chak" inayosikika ni nyuzi zikigonga freti, vile vyuma vya shingoni mwa gita. Kofi hilo lina kazi mbili: linagonga, na papo hapo linaikata kodi (noti kadhaa za pamoja) iliyokuwa inalia. Wengi hukosea hapo. Wanapiga mbao za gita badala ya nyuzi, kodi inaendelea kulia chini ya kofi, mdundo unakuwa uji. Wengine wanapiga kwa nguvu ya kiwiko. Ni kifundo tu, vidole vishuke sentimita moja au mbili, si zaidi. Kasi ni takriban mapigo 92 kwa dakika. Anza na 60, ongeza 4 kila mkono unapotulia.

Mkono wa kushoto una siri yake pia. Kidole cha mwisho weka uzi wa pili, freti ya 3, na usikiondoe. Kinachotembea ni besi tu: uzi wa sita freti ya 3 (G), uzi wa tano freti ya 2 (G yenye besi ya B), uzi wa tano freti ya 3 (C yenye nyongeza ya D). Kodi tatu, na ile sauti ya juu haijahama. Ndipo inaingia A ndogo ya saba, kidole kinashuka freti ya 1, halafu C, halafu D inayochezewa kwa kidole kidogo. Asiyejua hilo huinua mkono mzima kila kodi, na kwa kuinua huko anachelewa kofi.

Tena utamu wenyewe uko kwenye kiitikio: G inageuka G ya saba, inakwenda C, kisha C hiyo hiyo inakuwa ndogo kabla ya kurudi G. Noti moja tu imeshuka nusu hatua, E kuwa E bemoli, na moyo wa msikilizaji unashuka nayo.

Kiti cha Drams
Nyuzi Sita, nakuheshimu, ila usituuzie kofi kwa bei ya drams. Kofi ni pigo la 2 na la 4 peke yake. Hakuna teke la ngoma kubwa, hakuna sahani, hakuna kujaza. Wapiga omutibo, mtindo wa gita wa magharibi mwa Kenya, angalau walimweka mtu pembeni agonge chupa ya Fanta!

Hata hivyo simuungi mkono Mwanzisha Mada. Kukaa kimya ni uamuzi wa mpangilio kama uamuzi mwingine. Jaribuni kuweka drams kwenye wimbo huu, kama zinavyofanya bendi za ukumbini, muone kinachotokea. Sneya, ile ngoma ndogo kali, inaangukia pale pale kwenye kofi, na hakuna binadamu anayegonga pamoja na mkono wa mwenzake kwa usahihi kamili. Kwa hiyo unasikia mapigo mawili yaliyoachana kidogo, "ta-tak", kila pigo, dakika nne nzima. Ukimwambia mpiga gita aache kofi, gita linabaki tupu na wimbo unageuka wa kwaya. Kama lazima upige, tumia brashi, na kaa kwenye haihati (sahani mbili zinazofungana) tu. Afadhali shekeri. Geary kuweka fimbo chini ilikuwa kazi ya mpiga drams anayejua.

Mwanzisha Mada
Kwa hiyo mpiga drams bora ni yule asiyepiga? Haya. Nileteeni basi mfano wa Mr. Big. Nao walikuwa bendi ya mafundi, Paul Gilbert wa gita na Billy Sheehan wa besi, nao walifika namba 1 Marekani kwa wimbo wa gita kavu, "To Be with You", mwaka 1992. Lakini mle bendi nzima imo: besi ipo, ngoma ipo, sauti za pamoja zipo. Poison nao walifika namba 1 Desemba 1988 kwa "Every Rose Has Its Thorn": wimbo unaanza na gita kavu halafu bendi inaingia na solo la umeme. Hao wote walibeba bendi yao ndani ya wimbo. Extreme waliiacha mlangoni.

Kaseti ya Zamani
Hoja ya "waliiacha mlangoni" ingekuwa na nguvu kama jambo hilo lingeanza na wao. Queen walikuwa wakiimba "Love of My Life" jukwaani namna hiyo hiyo, Freddie Mercury na Brian May na gita la nyuzi 12, wengine wamepumzika. Hakuna aliyesema si Queen. Na Extreme walijua wanarithi nini: kwenye onyesho la kumkumbuka Mercury pale Wembley, Aprili 1992, Cherone na Bettencourt waligusa wimbo huo kisha wakaingia kwenye wao.

Kuhusu madhara, tofautisha wimbo na biashara ya wimbo. Nyimbo za kwanza za Pornograffitti kutolewa zilikuwa nzito, na redio za Marekani hazikuzijali. Bila balada, albamu hiyo ingefikaje milioni 2? Na iliyofuata ilitoka Septemba 1992, mwaka mmoja baada ya Nevermind ya Nirvana kubadilisha ladha ya rock, wakati bendi za aina yao zote zinamwagwa. Unalaumu gita kavu kwa mvua iliyowanyeshea wote.

Fundi Mitambo
Mimi siko upande wowote, nawaonea huruma wanaoupiga ukumbini. Wimbo huu unaua spika kuliko zile nyimbo zao nzito. Kofi likiingia kwenye pikapu (kinasa sauti cha gita) ya chini ya daraja linatoka kama bomu, kodi yenyewe haisikiki. Fundi anapandisha kodi, gita linaanza kuunguruma na miluzi. Dawa: kata besi yote chini ya Hz 100, ziba tundu la gita kwa mpira wake, weka kompresa (kifaa cha kubana sauti inayozidi) 3 kwa 1 ianze kushika kwenye kofi tu, na moniita, spika ya jukwaani, isitazame tundu. Sauti mbili nazo zisimamishwe kwenye kipimo karibu sawa. Ukimzamisha wa pili umeupoteza wimbo, maana hakuna chombo kingine cha kujificha nyuma yake.

Nyuzi Sita
Fundi, yote sawa isipokuwa Hz 100. Gita hili limeshushwa nusu hatua, nyuzi zote sita. Uzi wa sita mtupu ni Hz 77.8, na kwenye kiitikio unapigwa mtupu kwenye E ndogo. Ile G ya kwanza yenyewe ni Hz 92.5. Ukikata 100 umemkata mpiga besi wa wimbo, ambaye ni gumba. Kata 70.

Fundi Mitambo
Nimekubali, 70. Lakini basi tundu lizibwe kwa lazima.

Mwanafunzi wa Gita
Samahani wakuu, siwezi kutumia kapo, kile kibanio cha shingoni mwa gita, badala ya kushusha nyuzi?

Nyuzi Sita
Kapo inapandisha, haishushi, mdogo wangu. Ukitaka kimo cha sauti cha kaseti bila kushusha, weka kapo freti ya 2 upige kwa umbo la E, lakini hapo ule mtego wa kidole kisichohama umeupoteza wote. Ukipiga G ya kawaida utakuwa nusu hatua juu. Kama waimbaji wanafika, haina tatizo. Ukishusha, angalia unene wa nyuzi. Nusu hatua inapunguza mvuto kwa asilimia 11 hivi, kwa hiyo seti ya inchi 0.010 italegea na kofi litatoa mkwaruzo. Tumia 0.012.

Mwanzisha Mada
Kozi ya gita nimeipata bure, nashukuru. Ila swali langu limekwepwa. Hata Nyuzi Sita mwenyewe anakiri: gumba ni besi, kofi ni drams. Yaani mtu mmoja amefanya kazi ya watatu. Hilo linathibitisha nini kama si kwamba wengine hawakuhitajika?

Kaseti ya Zamani
Linathibitisha kwamba Bettencourt alikuwa akifikiria kama bendi hata akiwa peke yake. Sikiliza nyimbo zao nzito: mkono wake wa kulia kwenye gita la umeme unafanya hayo hayo, noti zilizozibwa zinazogonga katikati ya noti zinazolia. Ni fanki. Toa distoshani (ule mkwaruzo wa gita la umeme), punguza kasi, utaukuta huu. Aliyemjua Bettencourt kwa balada tu ndiye anayedhani ni mtu mwingine.

Kiti cha Drams
Na baada yake walitoa "Hole Hearted", albamu ile ile, gita kavu la nyuzi 12, lakini safari hii besi ipo na Geary kashika fimbo zake. Ulifika namba 4 Marekani mwaka huo huo wa 1991.

Mwanzisha Mada
Huo sina ugomvi nao. Huo ni wa bendi.

Kiti cha Drams
Sawa. Basi wa watu wanne ulifika namba 4, wa watu wawili namba 1. Hebu niambie mkuu, hiyo ni hoja yako au yangu?