Mapokezi au chumba cha vipimo: kliniki ya moyo nianzie wapi?

Binti_Kayole: Habari zenu wakubwa. Nimeitwa kazi kwenye kliniki mbili za moyo, zote Upper Hill, Nairobi. Moja ni mapokezi: miadi, faili na kufuatilia bima. Nyingine ni msaidizi wa kliniki: kupima presha na uzito, kufanya ECG (kipimo cha umeme wa moyo), kumwandaa mgonjwa kabla hajamwona daktari. Mshahara karibu ni ule ule, ila ya pili inaanza saa moja kamili asubuhi na mimi natoka Kayole. Mliowahi kuzifanya, ipi inamkuza mtu?

Nesi_Rongai: Vipimo, mdogo wangu. ECG huonekana kazi ndogo mpaka uifanye. Vibandiko ni 10: vinne vya mikono na miguu, sita vya kifuani. Ile V1, yaani kibandiko cha kwanza cha kifuani, unaitafuta kwa kidole, unahesabu nafasi za mbavu mpaka ya nne, kulia kwa mfupa wa kidari. Wengi hukadiria kwa macho. Mwaka wangu wa kwanza niliwahi kubadilisha waya za mikono, ya kulia nikaiweka kushoto. Daktari alitazama karatasi, akaona mchoro wa kwanza umepinduka, akanirudisha chumbani. Mgonjwa alikuwa ameshavaa, ikabidi nimwombe radhi avue tena. Mpaka leo husoma alama ya kila waya kwa sauti kabla sijaibana.

MzeeFaili: Nesi, nakuheshimu, lakini dawati lisidharauliwe. Nimekaa mapokezi miaka 11. Mgonjwa hafiki akisema moyo wake unasimama. Anakwambia, "Kifua kinabana kama nimebebeshwa gunia, lakini miadi yangu ni Alhamisi." Ole wako umwambie arudi Alhamisi! Maumivu kama hayo yanataka ECG ndani ya dakika 10. Kadi na fomu zitangoja. Tena wapo wenye vali bandia za moyo wanaotumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande. Asipokuja kupima INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) siku yake, daktari hana habari, anayegundua ni mtu wa faili. Mimi nina daftari la waliokosa, na kila Ijumaa mchana nawapigia simu.

Kerubo254: Mzee, mweleze na habari ya bima. Tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, asubuhi zangu nyingi huishia kwenye maelezo. Mama ametoka Machakos kwa nauli ya kukopa, amekuja kufanyiwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), kumbe idhini haijatoka. Analia, na aliye mbele yake ni mimi. Sasa nafuatilia idhini siku mbili kabla, na isipotoka nampigia asisafiri. Hata hivyo jioni nafika nyumbani sina sauti.

Nesi_Rongai: Pole, Kerubo. Binti, kabla hujakubali, nenda ukae kwenye benchi lao saa nzima. Presha inataka mtu atulie dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, bila mazungumzo. Ukiona wanampima mzee ambaye bado anahema kwa ngazi, hapo hutafundishwa kitu, hata wakikuongezea mshahara.

Binti_Kayole: Nimekwenda leo, dada. Kwenye ile ya vipimo nesi alivuta pazia, akamfunika mama mmoja shuka, akamweleza kila kibandiko kinakokwenda. Yule mama alikuwa ameingia akitetemeka, akatoka anamwombea dua. Nimekubali kuanza Jumatatu, na matatu ya saa kumi na moja nitaizoea. Mzee, naomba unieleze daftari lako limepangwaje, maana kwao sikuliona.

MzeeFaili: Jina, namba ya faili, tarehe ya INR ya mwisho na majibu yake, tarehe ya kurudi, simu ya mgonjwa, simu ya mtu wa nyumbani. Hiyo ya mwisho usiisahau, binti yangu. Wazee wengi simu zao huzimika, na anayepokea ni mjukuu.