Bendi ya tumbo na kilo zinazoshuka polepole: kuvumilia, kuongeza maji, kuhamia slivu, au sindano?

BintiKuze
Salaam aleikum wana jukwaa. Swali linalorudi humu kila wiki ni moja: mtu kafungwa bendi, ile pete ya kubana tumbo ili apungue uzito, mwezi wa saba au wa nane umeingia, mizani inashuka gramu mia tatu, mia tano, wiki nyingine haisogei. Shoga yake aliyekatwa tumbo mwaka huo huo keshabadilisha kabati zima la nguo. Kila anayemuuliza anampa jibu lake. Huyu anamwambia subiri, yule aongezwe maji ndani ya bendi ibane zaidi, mwingine aitoe ahamie slivu, yaani upasuaji wa kukata tumbo, na siku hizi wa sindano za kupunguza uzito nao wamezidi. Naomba tuzilinganishe njia hizi kwa vipimo. Maneno ya barazani tuyaache barazani.

Nesi_Changamwe
Waaleikum salaam dada. Tuanze na hesabu, maana watu hugombana na mizani bila kujua wanaidai nini.

Chukua mtu wa sentimita 165 mwenye kilo 112. Kwa urefu huo, mpaka wa juu wa uzito wa kawaida ni kama kilo 68, kwa hiyo ziada yake ni kilo 44. Bendi ikifanya kazi vizuri huondoa karibu nusu ya ziada, na huchukua miaka 2 hadi 3 kufika hapo. Yaani kilo 22, basi. Nusu kilo kwa wiki katika miezi ya kwanza ni mwendo mzuri, kilo moja kwa wiki ni mzuri sana. Aliyekatwa tumbo hupoteza sehemu kubwa ndani ya miezi 12 ya mwanzo halafu hupoa. Kumpima mwenye bendi kwa huyo ni kupimanisha basi la Nairobi na feri ya Likoni.

Tofauti iko kwenye kazi yenyewe. Slivu huondoa robo tatu ya tumbo au zaidi, na sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa. Bendi haikati kitu. Ni pete ya silikoni inayozungushwa juu ya tumbo ikaacha kifuko cha mililita 15 hadi 30, ili ushibe kwa chakula kidogo. Wiki 4 hadi 6 za mwanzo kwa kawaida huwa haijatiwa maji, au imetiwa kidogo tu, ili ndani papone. Anayehesabu miezi yake tangu siku ya upasuaji anajipunja. Ahesabu tangu bendi ilipofika kiwango chake, na hapo wengi hufika baada ya kujazwa mara kadhaa.

Kijana_Bamburi
Sasa si iongezwe maji yaishe? Ikibana zaidi, mtu anakula kidogo zaidi. Ama?

Nesi_Changamwe
Hapo ndipo wengi wanapoharibu, kaka. Bendi iliyobana kupita kiasi hunenepesha. Nyama haipiti, samaki hapiti, mchicha haupiti, ila aiskrimu inapita, sharubati ya parachichi inapita, biskuti iliyochovywa kwenye chai ya maziwa inapita. Mtu anatapika chakula cha mchana, saa kumi anakunywa glasi mbili za sharubati yenye sukari, jioni mizani haijashuka. Anarudi kliniki kuomba maji zaidi.

Dalili zisome hivi. Bendi imelegea kama unamaliza sahani ya kawaida bila kujali, na njaa inarudi kabla ya saa mbili kupita. Iko sawa kama kikombe kimoja cha chakula kigumu kinakutosha saa nne au tano. Imebana kama unacheua, unatokwa na mate mazito, una kiungulia usiku, au unakohoa ukilala. Kikohozi cha usiku msikidharau: ni maji ya tumboni yanapanda, na yakiingia mapafuni ni kichomi. Dawa yake ni kutoa maji. Mtu asiongezewe kwa sababu ya mizani peke yake huku ana dalili za kubana.

Kujazwa kwenyewe: poti, yaani kidude cha kutilia maji kilichoungwa na bendi kwa mrija, iko chini ya ngozi ya tumbo, hutafutwa kwa kidole au kwa eksirei, kisha huchomwa kwa sindano ya Huber. Ya kawaida hukata mpira wa poti na baadaye maji huvuja, kwa hiyo kabla ya kwenda kliniki yoyote piga simu uulize kama wanayo. Nyongeza huwa nusu mililita, au moja. Kabla ya kuongeza, mwombe daktari avute yote yaliyomo ayapime. Kama kadi yako inasema zilitiwa 5 na zinatoka 3.5, bendi au mrija unavuja, na hiyo ndiyo sababu ya kutopungua. Hapo uvumilivu hausaidii.

Ukimaliza, kunywa glasi ya maji umesimama pale pale kliniki na usubiri nusu saa. Yakirudi, au yakikaa kifuani, yatolewe kidogo kabla hujaondoka. Wanaopanda Nairobi kujazwa wasirudi na treni ya siku hiyo hiyo. Siku 2 vitu vya majimaji, siku 2 vilaini, ndipo chakula kigumu.

MapishiMjiWaKale
Upande wa sahani niachieni mimi, kwa sababu chakula chetu cha Pwani kina mitego yake.

Vinavyokwama: boflo, mahamri, chapati, wali mkavu, ugali wa tonge kubwa, mishikaki, nyama choma. Boflo ni mbaya kuliko vyote kwa sababu ukiutafuna unageuka donge. Ukitaka mkate, ukauke kwanza kwenye kikaango hadi uvunjike, kipande kidogo.

Vinavyopita upesi mno na kuleta uzito: tui zito, kaimati, halwa, kashata, juisi ya miwa, soda. Soda ya mililita 500 ina kalori kama 200 na bendi haiioni kabisa. Mchuzi wa nazi nao uangalieni. Mbaazi ni chakula kizuri, lakini zikiogelea kwenye tui la kwanza, nusu kikombe ni kalori za chakula kizima. Pikeni kwa tui la pili, la kwanza liwe vijiko viwili tu vya kutia ladha mwishoni.

Kinachofanya kazi ni samaki. Changu au tafi wa kupaka, au wa kuchemsha kwa ndimu, aliyechambuliwa miiba, gramu 80 hadi 100, anakupa protini gramu 20 hivi na hulainika mdomoni. Lengo la siku ni gramu 60 hadi 80. Yai lina 6, glasi ya mala kama 8. Anza na samaki, fuata mboga, wanga mwisho kama nafasi ipo, na mara nyingi haipo. Tumia sahani ya kikombe cha chai na kijiko kidogo. Tonge liwe kama ukucha wa kidole gumba, litafunwe hadi liwe uji, uweke kijiko chini, ndipo uchukue jingine. Dakika 20 hadi 30 zikiisha ondoa sahani hata kama kimebaki. Nasema hivi kwa sababu nyumba zetu mgeni akibakisha chakula mwenyeji hununa. Mwenyeji atanuna, atazoea.

Usinywe ukila, na ukimaliza subiri dakika 30 hadi 60. Maji husukuma chakula kikapita kabla hakijakushibisha, halafu unalaumu bendi.

Asubuhi bendi hubana zaidi kwa watu wengi. Anza na chai ya tangawizi ya moto isiyo na sukari, kwa mafunda madogo, na staftahi ije saa moja baadaye.

Mshenga_Tudor
Naheshimu yote hayo, lakini tusiwadanganye watu na neno subira. Sehemu kubwa ya bendi, miaka 10 ikipita, huishia kurekebishwa au kutolewa: zimeteleza, zimetoboa ukuta wa tumbo, au kifuko kimetanuka. Ndiyo maana madaktari wengi duniani wamezihama wakaenda slivu. Mtu aliyefuata masharti yote mwaka mzima na nusu, bendi imepimwa na iko mahali pake, na hajapoteza hata robo ya ziada, aambiwe wazi kwamba kuna njia nyingine.

Ila asikimbilie. Kwanza apigwe picha ya kumeza dawa nyeupe, kuona kama bendi imeteleza au koo la chakula limetanuka. Pili, kama ana kiungulia kikali, slivu itamzidishia, na baipasi, upasuaji wa kuunga kifuko kidogo cha tumbo moja kwa moja na utumbo, ndiyo inayomfaa zaidi. Tatu, kama bendi imeteleza au kutoboa, kwa kawaida hutolewa kwanza, tumbo likapumzika miezi mitatu hivi, ndipo upasuaji wa pili. Kufanya yote siku moja kwenye tumbo lililojeruhiwa huongeza hatari ya kuvuja mshono. Na slivu haina kurudi nyuma, wakati bendi inatolewa. Baipasi inadai vidonge vya vitamini B12, chuma na kalsiamu maisha yote. Mwenye tabia ya kusahau dawa afikirie mara mbili.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: miezi sita ya kurekebisha kiwango na sahani, kisha picha, kisha ndiyo mazungumzo ya kisu.

BintiKuze
Ahsanteni sana. Na mizani ikiganda wiki tatu mfululizo, huku kila kitu kinafuatwa?

Nesi_Changamwe
Wiki tatu hazitoshi kusema imeganda. Chumvi ya achari na papadi, siku za hedhi, kufunga choo, hivyo vyote huweka maji mwilini, na kilo moja au mbili hupanda na kushuka bila mafuta kuhusika. Pima mara moja kwa wiki, siku ile ile, mizani ile ile juu ya sakafu ngumu, umetoka msalani, hujanywa kitu. Kando yake pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, mara moja kwa mwezi. Linganisha mwezi na mwezi.

Ikiganda wiki 6 hadi 8, usianze na bendi, anza na dawa. Insulini, glibenklamidi, vidonge vya steroidi, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu: zote zinaweza kuzuia uzito kushuka. Usiziache mwenyewe, zungumza na aliyekuandikia. Halafu kipimo cha tezi ya shingo. Halafu andika kila kinachoingia mdomoni kwa siku 7, na vya kuonja jikoni pia. Anayepikia watu wanane huonja chakula cha mtu mmoja.

MamaMtongwe
Nimo kwenye famasia, niseme la sindano. Semaglutaidi, dawa ya sindano inayopunguza hamu ya kula, inaweza kutumika kwa mwenye bendi, chini ya daktari. Huanza miligramu 0.25 kwa wiki kwa wiki 4, kisha 0.5, na kupanda hivyo taratibu. Kwenye utafiti mkuu wa dozi ya miligramu 2.4, watu wasio na bendi walipoteza wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68. Si mchezo, lakini nayo ni mwaka na zaidi, na ukiacha uzito mwingi hurudi. Kwa hiyo anayeikimbilia kwa kukosa subira hajaikwepa subira, kaongeza bili tu.

Kwa mwenye bendi kuna jambo la pekee. Sindano huleta kichefuchefu na kutapika wiki za mwanzo, na kutapika sana huvimbisha tumbo chini ya pete, huweza hata kuitelezesha. Wengine hulegezwa bendi kidogo kabla ya kuanza. Usianze sindano na kujazwa bendi wiki moja, maana ukitapika hutajua kilichosababisha.

Na joto letu! Kalamu isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Iliyofunguliwa huvumilia chini ya nyuzi 30, na Machi hapa hata chumbani hupita hapo, kwa hiyo iache kwenye friji. Msinunue mitandaoni. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutaidi bandia.

Kijana_Bamburi
Na Ramadhani?

MapishiMjiWaKale
Kwanza ruhusa ya daktari, hasa mwenye kisukari na aliye chini ya miezi michache tangu upasuaji. Akiruhusiwa: adhana ya magharibi, mafunda machache ya maji ya uvuguvugu, tende moja iliyoondolewa ganda, kisha aswali. Bendi iliyokaa kavu kutwa ikipigwa na sambusa ya kwanza hukwama hapo hapo. Baada ya swala, shurba iliyosagwa nyama, kisha samaki. Maji glasi ya mililita 200 kila saa, mbali na chakula, zifike 7 au 8 kabla ya daku. Huwezi kuzifidia zote wakati wa daku.

Nesi_Changamwe
Nyongeza ya haraka. Mtu akipata malaria au tumbo la kuendesha na kutapika, bendi hubana kwa uvimbe. Maji ya kunywa yasipokaa kwa saa 24, hospitali, bendi itolewe maji. Maumivu makali ya tumbo yasiyoachia ni leo leo, usingoje saa 24. Aliyetapika wiki mbili tatu awaambie wampe vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari. Bila hivyo ubongo unaweza kudhurika: macho kucheza, miguu kuyumba, kuchanganyikiwa. Mjamzito naye ajulishe kliniki mapema, mara nyingi bendi hulegezwa. Na kila mtu awe na kadi ya bendi, aina yake na mililita zilizomo, pichani kwenye simu.

Kijana_Bamburi
La mwisho. Vidonge vikubwa vinavyokwama, naweza kuviponda vyote?

MamaMtongwe
Si vyote, mwanangu. Paracetamol inapondwa, au chukua ya kuyeyusha. Metformin ya kawaida inavunjwa, lakini ile ya kuachia dawa polepole haipondwi wala haikatwi, ukiiponda dozi ya siku nzima inaingia kwa mpigo. Mwombe daktari akubadilishie. Ibuprofeni na diklofenaki ziepuke hata zikiwa ndogo, zinachubua tumbo pale pale pete inapokaa. Kidonge kisichopondwa, meza kimoja kimoja, umesimama, na mafunda ya maji kabla na baada, na acha dakika 5 kabla ya kinachofuata.