Hii siyo remasta, huu ni uhuni: Tres Hombres ya ZZ Top yenye ngoma za 1987

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo lugha mtanivumilia. Moderata, tafadhali usiuunganishe uzi huu na ule wa "unasikiliza nini leo". Hili ni lalamiko, liache lisimame lenyewe. Na wale wa kuja kusema rock ni muziki wa mashetani, jukwaa la dini mnalijua liliko.

Niliagiza CD ya Tres Hombres kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, yuko nje ya nchi. Tangazo lake lilisema kwa herufi kubwa kabisa kuwa hii ni REMASTA, yaani rekodi ileile ya zamani iliyosafishwa sauti tu. Nikalipa. Nikasubiri mpaka nikakata tamaa. Mzigo ulipofika posta nikaambiwa kuna ushuru, nikalipa tena. Nyumbani nikaiweka na kuruka moja kwa moja hadi wimbo wa "La Grange". Gitaa likaanza, nikatabasamu kama mjinga. Ngoma zilipoingia nikajua nimepigwa.

Kwa wasioijua albamu hii: imetoka Julai 1973, nayo ni ya tatu ya ZZ Top, bendi ya rock ya watu watatu wa Texas. Billy Gibbons kwenye gitaa, Dusty Hill kwenye besi, Frank Beard kwenye ngoma. Ilirekodiwa Tyler, Texas, na Memphis katika studio za Ardent, Terry Manning akiwa fundi mitambo na Bill Ham prodyuza. Ndiyo iliyowatoa, maana ilifika nafasi ya 8 kwenye chati ya albamu za Marekani. Ukilifungua kasha la santuri unakutana na picha ya meza nzima ya vyakula vya Kimeksiko kutoka mgahawa wa Houston, jibini imeyeyuka, huwezi kuitazama ukiwa na njaa. Kwenye kijitabu cha CD picha hiyo inakuwa kama stempu, ila hilo nawasamehe, siyo lililonileta hapa.

Lililonileta ni ngoma.

Sikilizeni "La Grange" ya 1973. Gibbons anaanza peke yake, chini chini, kamba amezibana kwa kiganja. Beard haipigi ngoma bado, anagonga ukingo wake tu, tiki tiki tiki, kavu, unasikia mti unagusa chuma. Gibbons ananong'ona kwa sauti ya mzee mwenye siri na anaguna gunaguna zake. Kisha kunakuja mpigo wa kuingilia na bendi nzima inamwagika chumbani. Na ni chumba kweli! Snea, ile ngoma yenye mlio mkali, ni ngumu na fupi, inapiga na kunyamaza. Kati ya mpigo na mpigo kuna nafasi, na humo ndani besi ya Dusty inapita bila kusukumana na mtu.

Sasa weka hii takataka niliyouziwa. Snea imekuwa kubwa kama mlango wa kontena unaobamizwa. Kila mpigo una mwangwi mrefu unaokatwa ghafla, ile staili ya miaka ya themanini unayoijua hata kama hujui inaitwaje. Besi imesukumwa pembeni na gitaa limeoshwa mpaka limepoteza uchafu wake. Huyo siyo Frank Beard wa 1973. Wamemtoa mtu kwenye rekodi yake mwenyewe wakamwekea kivuli.

Ilivyotokea ni hivi. 1983 ZZ Top walitoa albamu ya Eliminator: sintesaiza (vinanda vya umeme), midundo ya mashine, lile gari jekundu kwenye kasha, video zikichezwa usiku na mchana. Ikauza nakala zaidi ya milioni 10 Marekani peke yake. 1985 wakaja na Afterburner, mashine zikazidi. CD nazo ndiyo zilikuwa zinashika soko, kila kampuni inakimbiza albamu za zamani kwenye CD. Basi 1987 likatoka kasha linaitwa Six Pack, albamu sita ndani ya CD tatu. Na kwa kuwa wateja wapya walikuwa wameizoea sauti ya Eliminator, mtu akaamua za zamani zifanane na mpya. Albamu tano za miaka ya sabini zikafumuliwa na kuchanganywa upya, ngoma zikapewa sauti ya themanini. El Loco ya 1981 ndiyo iliyosalimika. Degüello, albamu yao ya 1979, haikuwemo kwenye kasha hilo, nayo ikapona.

Wangeishia kwenye kasha hilo ningesema sawa, ni kituko cha wakati wake. Tatizo ni kwamba miksi hizo, yaani rekodi hizo zilizochanganywa upya, ndizo zilizowekwa kwenye CD za albamu moja moja pia. Ukiingia dukani miaka ya tisini ukanunua Tres Hombres ya CD, ulipewa hiyo. Kizazi kizima cha wasikilizaji wa CD kimekua kikidhani ZZ Top wa 1973 walipiga vile. Kati ya zile tano, Tres Hombres na Fandango! zilisubiri hadi 2006 kurudishiwa miksi zao za asili kwenye CD. Zile tatu nyingine, yaani albamu yao ya kwanza pamoja na Rio Grande Mud na Tejas, kuzipata nzima kwenye CD zikiwa na sauti yake halisi, ilikuwa mpaka litoke lile kasha la albamu kumi la 2013. Katikati hapo kulikuwa na Chrome, Smoke & BBQ ya 2003, iliyorudisha nyimbo nyingi za zamani katika miksi ya mwanzo. Ila huo ni mkusanyiko, anayetaka albamu nzima haumtoshi.

Naomba tuelewane hapa, maana wauzaji wanatuchezea makusudi. Kuremasta ni kuchukua mkanda wa mwisho, ule uliokwishachanganywa na kukubaliwa na wenyewe, ukausafisha, ukapanga sauti za chini na za juu, ukauhamisha. Unaweza kuuharibu, ndiyo, hasa ukipandisha sauti mpaka kila kitu kinapiga kelele sawasawa. Lakini waliopiga ni walewale na uwiano wao ni uleule. Kuremiksi ni jambo jingine kabisa. Unarudi kwenye mkanda wa njia nyingi ambako kila chombo kiko peke yake, unaamua upya nani awe mbele, nani nyuma, nani apewe mwangwi. Hapo unatengeneza rekodi nyingine. Sikatai watu kuremiksi. Nakataa kuuziwa rekodi nyingine chini ya jina lilelile, kasha lilelile na neno remasta juu yake.

Mbona wapo waliofanya kwa uungwana? Chukua Rush, bendi ya rock ya watu watatu vilevile, hawa wa Kanada. Vapor Trails yao ya 2002 ilitoka imekandamizwa hadi inakwaruza masikio, mashabiki wakalalamika na wenyewe wakakiri sauti haikukaa sawa. 2009 nyimbo mbili zikachanganywa upya na kuwekwa kwenye mkusanyiko. 2013 prodyuza David Bottrill akaichanganya upya albamu yote, na ikauzwa kwa jina la Vapor Trails Remixed. Kasha linakwambia kabisa unachonunua. Hutaki, unabaki na ya 2002 na makelele yake. Hakuna aliyedanganywa.

Na kwa bendi ya watu watatu jambo hili ni zito kuliko mnavyodhani. Bendi yenye wapigaji saba ukivuruga ngoma bado kuna kinanda, kuna matarumbeta, yatafunika aibu. Hapa kuna gitaa, besi na ngoma, basi. Ukivimbisha kimoja, vingine viwili vinakosa pa kukaa. Hebu fikirieni mtu azichukue rekodi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, atoe ngoma zile, apachike midundo ya mashine, kisha azirudishe sokoni kimya kimya na picha ileile. Hapa jukwaani si tungechoma matairi?

Dusty Hill alifariki Julai 2021. Yeye, Gibbons na Beard walikuwa wamekaa pamoja zaidi ya miaka 50, hakuna aliyeondoka, hakuna aliyeletwa. Hebu niambieni ni bendi ngapi mnazijua za hivyo. Halafu ushahidi wa jinsi watu hao walivyosikilizana wakiwa vijana ndio huo uliomwagiwa mwangwi kwa sababu za soko la 1987.

Najua kuna mjuaji atakuja na "mkuu, sikiliza mtandaoni, achana na CD". Mtandaoni nako unapewa picha ya kasha na mwaka 1973, ukibonyeza hujui ni miksi ipi mpaka usikie ngoma. Mimi nataka kitu changu, niking'ang'anie, bando likiisha kiendelee kupiga.

Kwa anayetaka kununua asije akaingizwa mjini kama mimi: angalia idadi ya nyimbo. Albamu ya asili ina nyimbo 10. CD ya 2006 ina 13, kwa sababu mwishoni waliongeza tatu za jukwaani: "Waitin' for the Bus", "Jesus Just Left Chicago" na "La Grange". Ukiona CD ya nyimbo 10 tu na mwaka 1987 umejificha kwa maandishi madogo nyuma, kimbia. Fandango! ya 2006 nayo ina tatu za ziada. Muuzaji akikwambia "ni remasta bosi wangu", mwambie akupigie picha ya nyuma ya kasha, asipopiga ujue anajua.

Huyo wangu nimemwandikia. Kanijibu eti diski haina mkwaruzo, kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Nimemwambia mkwaruzo ningeuvumilia. Hajajibu tena.

Kama kuna mdau ana ya 2006, au santuri ya zamani isiyoruka, aje inboksi tuelewane bei, nipo Dar, naifuata popote. Hii ya 1987 sirudishi na siuzi, nisije nikamfanyia mwenzangu nilichofanyiwa. Anayeitaka bure na akili zake timamu aseme, kasha ni zuri.