UKOO WA KIPONDA: rangi za nyumba ya Bibi

Jumamosi

Zuhura 07:14
Assalaam alaykum jamani. Leo Shaaban 6, Ramadhani iko mlangoni na nyumba ya Kiponda bado iko vile vile. Fundi Makame nimezungumza naye, anaweza kuanza Jumamosi ijayo. Naomba suala la rangi tulimalize leo. Leo hii, asije mtu wiki ijayo akasema alikuwa hajaona.

Zuhura 07:16
[Picha]
Hiyo kanga ya kisutu ya Bibi, niliitandika ukutani chumba cha mbele jana alasiri. Tazameni pale jua linapoingilia dirishani. Ile damu ya mzee ndiyo ninayoitaka kwa chumba kile. Milango na boriti nyeusi, juu nyeupe. Nyekundu, nyeusi, nyeupe, kisutu kamili.

Zuhura 07:19
Ukumbi manjano ya bizari. Ndani ya mashubaka rangi ya chungwa, ukuta wake mweupe, ili zile sahani za kaure zionekane mtu anapovua viatu tu.

Zuhura 08:40
Naona mmesoma.

Nassor 09:02
Damu ya mzee yupi? Tuanze na Ami Haji? 😂

Rukia 09:03
😂😂😂

Zuhura 09:05
Nassor, asubuhi yote hii?

Khadija 09:11
Na mie nauliza, nani kachukua sufuria langu kubwa tokea hitima? Lina alama ya rangi ya kucha kwenye mkono.

Nassor 09:12
Sufuria lipo Bububu, kila Ijumaa linapikiwa biriani.

Khadija 09:12
Bububu kwa nani?

Nassor 09:13
Mie si mchongezi.

Zuhura 09:20
Jamani RANGI.

Suleiman (Maskati) 10:48
Wa alaykum salaam. Dada Zuhura, picha nimeiona. Wasiwasi wangu chumba chenyewe ni chembamba, upana haufiki hata mita 3. Wekundu hautazidi kukibana? Na nje tunapaka?

Zuhura 10:55
Kaka, vyumba vyote vya Mji Mkongwe vyembamba, boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo. Lakini kwenda juu kile kina mita 4. Wekundu utaishia futi 9, kutoka hapo mpaka kwenye boriti ukuta mweupe, na mwanga upo. Nje hatugusi. Mji uko kwenye Urithi wa Dunia tokea mwaka 2000, kugusa nje kunataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Zuhura 10:58
Na hii habari ya kwamba chumba chembamba lazima krimu ndiyo iliyoifanya nyumba nzima iwe kama chumba cha kungojea daktari. Bibi kaolewa mle, watoto wake wote kawazalia mle. Leo ukiingia hakuna hata ukuta mmoja unaokwambia hapa kwa Bibi Asha. Mie jambo hili linaniuma.

Ami Haji 11:30
Krimu haina kosa, wala haionyeshi uchafu. Nunueni ndoo 2 za rangi ya plastiki lita 20, rola 2, siku 2 mmemaliza.

Zuhura 11:34
Shkamoo Ami. Plastiki ndiyo hiyo inayotoka magamba chumba cha mbele. Fundi kaivuta kwa kidole, limetoka gamba ukubwa wa sinia, nyuma yake chumvi tupu. Ukuta wa mawe na chokaa unavuta maji kutoka chini na lazima uyatoe. Ukiuziba, maji yanatafuta pa kutokea.

Zuhura 11:37
Fundi anataka chokaa yenye rangi. Chokaa keshailoweka kwenye pipa tokea mwezi uliopita. Nyekundu na manjano zinatiwa unga wa oksaidi ya chuma, chokaa haiziunguzi. Ukuta unaloweshwa kwanza, halafu mikono 4 au 5 myembamba. Ikiwa mbichi utaiona imekoza, ikikauka inafifia sana. Damu ya mzee yenyewe hasa haitapatikana, itakaribia tofali la kuchoma, na mie nimeridhika. Tutajaribu kipande nyuma ya mlango, tungoje siku 2 ndipo tuamue.

Shangazi Mize 12:15
Zuhura mwanangu. Na ile saruji aliyoipiga mtu kutoka chini mpaka kiunoni, fundi kasema nini?

Zuhura 12:21
Shkamoo Shangazi. Kasema ndiyo iliyoyapandisha maji. Zamani yalikuwa yakitokea hapo hapo chini na kukauka. Sasa yanapanda nyuma ya saruji yanatokea juu yake, ndiyo lile doa refu lililozunguka chumba. Anasema itoke yote.

Shangazi Mize 12:23
Mie nilisema mwaka 2009. Pesa zangu za karafuu zilikuwa za chokaa. Risiti ikaja ya saruji.

Ami Haji 12:31
Mize. Mwaka ule mvua zilikuwa zinaingia ndani, mama anakohoa usiku kucha, na fundi wa chokaa hapatikani. Wewe ulikuwa Pemba.

Shangazi Mize 12:32
Nilikuwa Pemba nachuma hizo karafuu.

Nassor 12:33
Mwenye kahawa apitishe huku, mie nna halua.

Ami Haji 12:36
Na kama leo ni siku ya kufukua, basi na kile kitanda cha samadari kizungumzwe.

Shangazi Mize
*Ujumbe huu umefutwa*

Khadija 12:39
Samadari tena 🙈

Zuhura 12:41
Ami, Shangazi, nakushikeni miguu. Samadari ilimalizwa mbele ya marehemu Ba Mkubwa. Tuzungumze ukuta.

Suleiman (Maskati) 13:20
Saruji ikitoka, chumba kitawahi Ramadhani?

Zuhura 13:29
Hakiwahi. Plasta mpya ya chokaa inakwenda kwa matabaka, kila moja lingoje likauke, na ukuta wenyewe una maji ya miaka. Baada ya Idi ndiyo masika, hakikauki kitu. Kwa hiyo ama tupake juu tu sasa, chini tupaache kama palivyo, ama tubomoe tukae na mawe matupu mpaka kipupwe. Mie nasema tupake sasa. Bibi ana miaka 88. Nataka Ramadhani hii afuturu mle ndani na rangi yake mwenyewe.

Salma 15:02
Amin 🤲

Zuhura 17:45
Wengine?

Zuhura 21:10
Haya.

Jumapili

Rukia 08:30
Assalaam alaykum. Bibi kanambia nimsomee yote tokea mwanzo, nikamsomea. Kasema mumsikilize.
[Ujumbe wa sauti 2:10]

Suleiman (Maskati) 08:41
Rukia niko kazini, siwezi kufungua sauti. Niandikie.

Rukia 08:57
Kasema hivi: "Waambie wote. Krimu mie sikuiomba. Haji aliileta, nikanyamaza kwa kuwa lilikuwa jasho lake. Hiyo damu ya mzee naitaka, kisutu ile ndiyo niliyoolewa nayo. Lakini saruji itoke kwanza. Haji, itoke. Msinipakie rangi juu ya maradhi. Nikiwa hai nitaiona, nisipokuwepo nyumba yenu. Na wewe Mize usimsimange ndugu yako, bila yeye paa lile lingekuwa chini."

Rukia 08:59
Kaendelea: "Kwenye mashubaka msitie chungwa. Ile nili mnayoiona mle ndani, babu yenu aliikoroga kwenye chokaa kwa mkono wake, usiku wa kuamkia ndoa ya Mize. Asiiguse fundi wala mtu. Chumba changu nataka kijani cha mlango wa duka. Mize anakijua."

Ami Haji 11:14
Nimesikia, mama.

Shangazi Mize 11:20
Nimesikia, mama.

Khadija 11:26
Allah amrehemu Babu.

Zuhura 11:40
Basi chungwa limeondoka. Nili inabaki, na sahani zile buluu na nyeupe zitakaa vizuri zaidi ndani yake. Saruji inatoka. Ukumbi na chumba cha Bibi vitawahi Ramadhani inshaallah, havina saruji vile, ni kukwangua plastiki na kupiga brashi chumvi. Kuhusu kubomoa plasta, Jumatatu nawauliza na Mamlaka kwanza. Shangazi, kijani kipi?

Shangazi Mize 12:02
Kile cha ndimu changa. Kimepauka kidogo.

Ami Haji 12:09
Siyo. Kilikuwa kijani cha jani la mgomba, kimekoza. Mlango ule niliupaka mie nikiwa na miaka 12, marehemu kanisimamia.

Shangazi Mize 12:11
Wewe ulipaka wa stoo.

Suleiman (Maskati) 12:50
Nna picha ya Babu mbele ya duka! Ngojeni.
[Picha]

Nassor 12:52
Kaka Sule, picha nyeusi na nyeupe hiyo. Mlango kijivu.

Suleiman (Maskati) 12:53
😅 Lakini Babu katoka vizuri.

Rukia 12:58
Nimemuonyesha Bibi. Kaichukua simu, hajanirudishia mpaka sasa, hapa naandikia simu ya jirani.

Salma 16:31
Samahanini nilikuwa safarini. Kwani krimu ina ubaya gani jamani? Inang'aa.

Khadija 16:32
Salma soma juu.

Zuhura 16:40
Mchango ni 80,000 kila nyumba. Walioleta ni Suleiman na Khadija. Fundi anafika Jumamosi saa 2 asubuhi, Mamlaka wakituruhusu anaanza na saruji, wasipojibu anaanza na ukumbi. Nataka vijana 3 wa kutoa kifusi, na gari, maana vichochoro vile ni kubeba mpaka barabarani. Na Bibi akalale kwa nani siku za vumbi?

Khadija 16:44
Kwangu. Na sufuria lije naye.

Rukia 16:59
Kasema hatoki. Atakaa juu, mlango ufungwe.

Zuhura 17:01
Vumbi la plasta na kifua chake? Kaka Suleiman zungumza naye wewe, wewe hakukatalii.

Ami Haji 18:20
Jumamosi fundi asitie patasi ukutani mpaka nifike mie.

Zuhura 18:22
Sawa Ami. Utafika saa ngapi?

Nassor 18:30
Kifusi nitabeba. Gari sina.

Zuhura 20:15
Ami, Shangazi, mie kijani sikichagui peke yangu. Tuonane Alhamisi alasiri kwenye duka la rangi Darajani, nyinyi wenyewe mnyooshe kidole.

Ami Haji 20:40
Alhamisi naweza.

Shangazi Mize 21:03
Alhamisi nina maulidi.