Tupeane uzoefu: jina la tovuti yako limesajiliwa kwa nani, na seva iko kwa nani?

Ndugu zangu, nawaomba mliowahi kuweka hewani tovuti ya biashara, shule au taasisi mtueleze mlivyofanya, hasa katika mambo mawili ambayo wauzaji huyafunga kwenye bei moja hata mnunuzi akadhani ni kitu kimoja: jina la kikoa, yaani anwani inayoandikwa kwenye kivinjari, na nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza mafaili ya tovuti. Jina hulipiwa kwa mwaka au miaka kadhaa kupitia msajili, yaani kampuni inayouza na kuandikisha majina. Majina ya .tz yana daftari lake la kitaifa, na daftari la .ke liko KENIC. Mafaili hukaa kwenye seva yenye anwani yake ya namba, na rekodi za DNS ndizo zinazokiambia kivinjari kwamba jina hili linapatikana kwenye namba ile. Mimi huvinunua kwa watu wawili tofauti, ili nikikorofishana na mwenye seva niondoke na jina langu.

Mwalimu wa sekondari, Morogoro:
Shule yetu ina jina la .sc.tz. Kijana aliyetutengenezea tovuti alilisajili kwa barua pepe yake binafsi, na alipopata kazi mkoa mwingine, taarifa za kulipia mwaka mpya ziliendelea kwenda kwake. Tovuti ikazimika wiki ya matokeo ya kidato cha nne, na barua pepe za ofisi zikazimika nayo kwa kuwa zilitegemea jina lilelile, ingawa seva tulikwishailipia na mafaili yote yalikuwamo. Mkuu wa shule aliandika barua yenye muhuri, akaambatanisha cheti cha usajili wa shule, ndipo jina likahamishiwa kwenye anwani ya ofisi. Siku hizi ankara humfikia mhasibu.

Fundi wa tovuti, Mombasa:
Naongeza la kuhama seva. Kila rekodi ya DNS ina muda wake wa kukumbukwa, yaani TTL, unaohesabiwa kwa sekunde. Ukikuta 86400, seva za watoa huduma za intaneti zinaweza kuendelea kutoa anwani ya zamani kwa siku nzima. Ndiyo maana mteja wangu aliiona tovuti mpya akiwa Nyali huku mshirika wake wa Malindi akiiona ya zamani, na wote wawili wakaniona mimi mwongo. Mimi huishusha TTL hadi 300 siku mbili kabla ya kuhama, nikanakili mafaili na hifadhidata, nikaijaribu seva mpya, ndipo nikabadilisha anwani. Rekodi za MX, zinazoelekeza barua pepe, zinataka uangalifu zaidi: ukihamia seva nyingine za majina, yaani zinazotunza rekodi hizo za DNS, bila kuzinakili, tovuti itafunguka vizuri kabisa, lakini barua za wateja hazitafika. Cheti cha usalama, kinachofanya anwani ianze na https, nacho hutolewa bure na Let's Encrypt, ila wapo mafundi wanaokitoza kama anasa.

Mwenye duka, Arusha:
Baada ya kusoma haya nimelitafuta jina letu la .co.tz kwenye whois, huduma inayoonyesha aliyesajili jina, na anayeonekana kuwa mmiliki ni kampuni iliyotutengenezea tovuti, ambayo ofisi zake zimefungwa. Muda unaisha mwezi ujao. Mwalimu, ile barua mliipeleka wapi?

Mwalimu wa sekondari, Morogoro:
Tuliipeleka kwa msajili. Ametajwa kwenye majibu hayohayo ya whois.