MJADALA: DT za mnadani, tuzifufue au ziuzwe kwa kilo?

Mleta mada
Wakuu salaam. Mi niko Njombe, mwaka jana nilinunua Yamaha DT 125 mnadani, zile za mabwana shamba zilizolala chini ya mti mpaka kuku wanatagia juu ya siti, nikaipata kwa laki tatu na nusu nikajua nimeokota. Hesabu ya kuifufua ikawa hivi: pistoni na ringi zake elfu 65, kuchonga bloku, yaani silinda, elfu 30, gasketi elfu 15, kabureta elfu 20, fundi elfu 50. Ikawaka. Ikatembea miezi minne pistoni ikashika kwenye silinda mlimani, na gunia la viazi nyuma, nikashuka nayo kwa mguu. Nikarudia kazi ileile, hela ileile, bloku ikachongwa tena. Sasa hivi naona dalili zilezile, sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujavuta mafuta) haitulii, ikishapata moto inapanda yenyewe, moshi mweupe mpaka jirani anafunga madirisha, alafu oili ya gia inapungua na chini hakuna hata tone. Nimeshamaliza laki saba na ushee. Jirani huyohuyo anasema pikipiki zote za tu stroki kama hii, zinazochoma oili pamoja na petroli, serikali ingezipiga marufuku zikakatwe vyuma chakavu, yaishe. Mnasemaje wakuu, tunafufua au tunajidanganya?

Dereva boda
Laki saba ungeweka mkopo wa Boxer mkuu. DT unalisha midomo miwili, petroli huku na oili huku. Mi oili nabadilisha nikikumbuka tu na chombo kinapiga kazi.

Mstaafu wa ugani
"Nikikumbuka tu", ndo maana mnazizika kila baada ya miaka miwili. Vijana, mi nimepanda DT miaka kumi na moja kwenye ugani, Makete yote hiyo, masika tope linafika kwenye ekseli ya mbele, na injini ilifunguliwa mara mbili tu. Nyepesi, iko juu, inavuta. Hizo Boxer zenu tulikuwa tunazikuta zimeegeshwa kwenye tope wenyewe wamekwenda kutafuta watu wa kusukuma. Kilichoziua DT ni pale pampu inayopeleka oili kwenye injini ikisumbua kidogo mtu anaitoa, anaziba, anaanza kuchanganya kwenye tenki kwa kukadiria na kifuniko cha chupa ya maji. Leo vifuniko viwili kesho vitano.

Mpenda hewa safi
Mzee shikamoo. Uimara sibishi, nabishia moshi. Tu stroki haina valvu za kwenye kichwa kama foo stroki, pistoni yenyewe ndo inafungua na kufunga matundu kwenye ukuta wa silinda, sasa kuna kipindi tundu la kuingizia na la kutolea yako wazi kwa pamoja na petroli mbichi inapitiliza kwenye ekzosi, robo yake na zaidi inaweza kutoka bila kuungua kabisa. Yaani ukiifufua hata kwa spea mpya za Japani bado inavuja kwa maumbile yake. Dhaka kule Bangladesh walikuwa na bajaji za tu stroki mji mzima unakohoa, zilipoondolewa barabarani kuanzia mwaka 2003 hewa ikabadilika watu wanaona kwa macho. Kwa hiyo jirani wa mleta mada msimcheke.

Mstaafu wa ugani
Marahaba. Ila Dhaka ni makumi ya maelfu ya bajaji kwenye jiji moja. Makete nzima utahesabu DT ngapi zinazowaka? Anayepeleka chanjo ya kuku kilomita 40 ndani huko unampa nini badala yake?

Mpenda hewa safi
Za foo stroki za porini zipo mzee, shida ni bei.

Mstaafu wa ugani
Basi umenijibu mwenyewe.

Fundi
Niingie hapa maana mleta mada amelia na hamna aliyemsikiliza. Mkuu pikipiki yako haina shida ya pistoni, fundi wako amekubadilishia godoro mara mbili na bati linavuja. Tu stroki juu ni rahisi mno, nati nne za kichwa, bloku inatoka, haina cheni ya taiming haina kemshafti, mtoto wa form two anaweza. Ndo maana kila mtu anajiita fundi wa DT. Kazi iko chini. Hewa na petroli kabla ya kupanda juu zinapita kwenye chumba cha kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), na kile chumba lazima kiwe kimefungwa kabisa. Kinafungwa na sili, ringi za mpira za kuzuia kuvuja, moja kila upande wa kranki. Sili ya upande wa sumaku inayozalisha umeme ikichoka inavuta hewa ya bure, mchanganyiko unakuwa mkavu, hewa nyingi petroli kidogo, sailensa inapanda yenyewe, silinda inachemka na pistoni inashika. Sili ya upande wa klachi ikichoka inanyonya oili ya gia na kuichoma, huo moshi wako mweupe ndo oili yenyewe inayopotea. Wewe una yote mawili. Na kila ukichonga unakula bloku, ovasaizi, yaani pistoni kubwa zaidi, zinapanda robo milimita robo milimita, ukifika milimita 1 umeisha unaanza kutafuta silivu, ganda jipya la ndani ya silinda.

Ya sumaku inatoka kwa nje, ya klachi mi huwa napasua injini nzima maana ukishafika huko lazima ushike konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, uitikise juu chini, ikicheza hata kidogo inabadilishwa pamoja na beringi, na kranki inapelekwa kwa mwenye presi anayejua kuinyoosha, sio kugongwa na nyundo gengeni. Ukifanya yote hayo hesabu laki tatu na nusu mpaka nne, sikudanganyi. Lakini unafanya mara moja.

Dereva boda
Laki nne juu ya laki saba 😂😂 mkuu kimbia

Mpenda hewa safi
Fundi hapo hata mi nimekubali kitu, kumbe nusu ya moshi tunaoona barabarani ni kazi iliyofanywa nusu. Hoja ya petroli mbichi bado iko palepale lakini.

Mleta mada
Nimetoka gereji saa hii, tumetoa sumaku. Ile sili ukiibonyeza na kidole inapasuka kama ganda la karanga. Nimerudi nyumbani nimetoa risiti zote mbili, nimesoma mstari kwa mstari, sili haimo hata moja, na bei ya sili zote mbili ni elfu 18. Elfu 18 wakuu! Jumatatu tunapasua tuone konrodi.

Dereva boda
Na ikishika tena?

Mleta mada
Nakuuzia wewe. Kwa kilo.