Sevilla Pasaka hii ya 2024: mvua ni ya Mungu, pesa yangu wamekula wanadamu

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira na sitaki zipoe kwanza.

Tunaishi Ujerumani, jimbo la NRW (North Rhine-Westphalia). Mwenye watoto wa shule huku anajua: likizo ya Pasaka ikikaribia tu, nauli ya ndege inapaa, na huwezi kuwatoa watoto mapema ukwepe bei, kuna faini. Basi tukabana matumizi, mama watoto akabadilishana zamu na wenzake kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, tukakodi fleti Sevilla, mji wa Andalusia kusini mwa Hispania, kwa Juma Kuu. Tangazo lilikuwa na jua, roshani na michungwa. Limeandikwa kabisa kwamba joto la Andalusia ni la mwaka mzima. Mwaka mzima!

Ikaja dhoruba waliyoipa jina Nelson.

Asije mtu hapa kuniambia nagombana na mvua. Mvua ilikuwa inatafutwa. Mwanzoni mwa Februari serikali ya Katalunya, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Hispania, ilitangaza dharura ya ukame Barcelona na maeneo ya jirani, maji yakawa kwa kipimo, na kule kusini, Andalusia, nako mabwawa yalikuwa na hali mbaya. Wasevilla wenyewe hawakujua washukuru au walie. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, wanaouita Madrugá, vyama sita vya kidini hutoa sanamu zao mitaani, Macarena na Esperanza de Triana zikiwemo, na safari hii hakikutoka hata kimoja. Sanamu zile ni za mbao, nyingine zina miaka mamia, hazinyeshewi. Niliona wanaume wazima, na majoho yao ya maandamano, wanalia mlangoni mwa kanisa. Mimi Mlutheri wa Machame mambo ya sanamu siyawezi, ila pale nilinyamaza. Na wale hawakuwa na wa kumdai.

Mimi ninaye.

Fleti ilikuwa baridi kama mochwari. Nyumba nyingi za kule zimejengwa kupambana na joto: kuta nene, sakafu ya vigae, hakuna mabomba ya kupasha joto kama huku kwetu. Sawa, naelewa. Lakini kiyoyozi kilichoandikwa kwenye tangazo kuwa "kinatoa joto pia" kilitoa upepo na mlio tu. Wakala akaleta heta moja. Ukiwasha heta na birika la umeme kwa pamoja, nyumba nzima giza. Hispania kila mkataba wa umeme una kiwango chake, ukikizidi swichi inajikata, na inaelekea mwenye nyumba alijichukulia kile cha bei poa. Kwa hiyo asubuhi mnachagua, chai au joto. Kamba ya kuanikia nguo iko juu ya paa, kwa hiyo nguo hazikukauka mpaka tunaondoka. Halafu ukuta wa chumba cha watoto ukaanza kuvuja, maji yanashuka hadi kwenye godoro.

Nikamtumia wakala picha. Jibu: "Poleni sana, hali ya hewa iko nje ya uwezo wetu." Hivi paa bovu nalo ni hali ya hewa?

Nikaenda ofisini kwao. Jirani wa ghorofa ya chini alikuwa ameninong'oneza niombe hoja de reclamaciones. Hii ishikeni: Hispania biashara inayohudumia umma inatakiwa kuwa na fomu hizo za malalamiko na kukupa ukiomba, na kwa Andalusia wana siku 10 za kazi za kukujibu. Dada wa mapokezi aliyekuwa haelewi Kiingereza changu akakielewa ghafla. Akasema fomu zimeisha. Nikavuta kiti nikakaa. Zikapatikana.

Sasa kinachoniuma zaidi. Sisi hatukwenda kutafuta rangi ya ngozi, tunayo. Tulikwenda kupumzisha vichwa. Tangu Januari, habari za mkutano ule wa Potsdam zilipotoka, wa watu wa mrengo mkali wa kulia waliozungumzia kuwarudisha wahamiaji makwao, binti yangu ananiuliza kama na sisi tutarudishwa, wakati yeye amezaliwa hapa. Machi 22 watu wakauawa kwenye ukumbi wa tamasha kule Moscow, Ufaransa ikapandisha tahadhari hadi ngazi ya juu kabisa, ndugu nyumbani wanajaza WhatsApp kwa sauti za "mko salama?" Nikasema wiki hii simu inakaa mbali. Mvua ikatufungia ndani na simu hiyohiyo. Ijumaa Kuu naamka, magazeti yamebeba mahojiano ya Waziri Mkuu wa Poland, Donald Tusk, anasema Ulaya iko katika kipindi cha kabla ya vita. Nayasoma hayo nimevaa koti kitandani, heta imezimwa ili mama achemshe maji.

Aliyetuhudumia vizuri Sevilla nzima ni kijana wa Kisenegali anayepanga bidhaa chini kwenye kitambaa. Juzi miwani ya jua, leo miavuli. Na alipunguza bei.

Kurudi, ndege ikachelewa usiku kucha. Dirishani wanasema dhoruba, hatuwadai kitu. UONGO. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004 inasema dhoruba inaiondolea kampuni fidia ya fedha, lakini chakula kinabaki wajibu wao, na hoteli pia kama mnalala. Watoto wamelala juu ya mabegi, na watu karibu wote kwenye foleni waliamini wakaenda kujinunulia mikate.

Kila aliyekula pesa yangu amejificha nyuma ya mvua. Na kwa kuwa nilinunua ndege kivyake na fleti kivyake, ule ulinzi wa safari za kifurushi haunihusu, kila mmoja namfukuza peke yake. Risiti za chakula ninazo, nakala ya fomu ninayo. Aliyewahi kupitia kile kituo cha watumiaji cha Ulaya, kinachosaidia wateja wenye madai nchi nyingine za Ulaya, ofisi ya Ujerumani iliyoko Kehl, aniambie walimjibu baada ya muda gani na waliomba nyaraka zipi.

Na wale wa "si ungeenda Zanzibar", nitumieni nauli ya watu wanne nyakati za Pasaka, kesho naondoka.